Bokoboko Anauzwa

Karani ameniambia niandike tangazo, mistari mitatu,
libandikwe kwenye ukuta wa kituo cha mafuta, Muheza.
Umri, rangi, bei.
Mistari mitatu hainitoshi hata kwa kwato zake.

Basi soma, wewe unayetaka kununua.

Ni farasi wa kukokota, wa ile jamii nyepesi:
kifua kama mlango wa ghala, miguu mifupi,
manyoya yamemshukia hadi juu ya kwato
kama mtoto aliyevaa suruali ya kaka yake.
Rangi ndiyo iliyompa jina,
ngano na nyama zikipondwa usiku wa kuamkia Idi.

Anavuta kreti ishirini na nne za machungwa
kutoka Mkuzi hadi barabara ya lami
bila kutweta, ikiwa ni saa kumi na moja alfajiri.
Saa saba mchana hainui hata kwato,
na mimi namuunga mkono.

Haogopi lori. Haogopi treni.
Anaogopa mfuko wa plastiki.
Mmoja mweusi uliruka kutoka genge la Mwanamkuu,
tukaokota machungwa hadi magharibi,
watoto wa shule wakala ushahidi.
Tangu mifuko ipigwe marufuku, amenenepa.

Amekuja Shekue wa Ngomeni, anataka farasi wa maharusi:
bwana harusi juu, kilemba, picha, malipo kwa saa,
na siku zisizo na harusi abebe mchanga.
Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Hawakutuachia neno
juu ya farasi mmoja mwenye kazi mbili.
Mgongo huu haujawahi kutandikwa. Ukimpanda
atageuza shingo akutazame, kwa adabu,
kama mtu uliyemkalia kofia yake.

Amekuja mwingine, mfuko wa shati umevimba noti,
akauliza anakula nini.
Nikamwambia: pumba debe, majani mzigo mzima, chumvi ya jiwe,
sindano kwa ajili ya mbung'o, usiisahau,
na mhunzi anatoka Tanga mjini, nauli juu yako.
Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia wa pili,
kisha akaniuliza guta jipya linauzwaje.
Sikumchukia.
Guta halikohoi usiku ukaamka kulisikiliza.

Anamfaa nani, basi?
Mwenye shamba dogo, lisilo na mteremko wa kumsukuma matako.
Mwenye kivuli.
Mwenye mkono uliolegea kwenye hatamu,
maana lijamu kwake ni mnong'ono, ukilivuta umempigia kelele.
Mtu asiyeona haya kuzungumza peke yake njiani,
kwani sikio lake la kushoto hukugeukia,
na ukinyamaza muda mrefu husimama
kuangalia kama bado upo.

Kama kwako ni punda afe mzigo ufike,
geuza baiskeli yako hapo hapo getini.

Mimi ni Mhando, niliyemvisha hatamu miaka kumi na mmoja.
Shamba limepata mwenyewe mpya, ana trekta jekundu,
na trekta, nakiri, halihitaji kuambiwa habari za asubuhi.
Nimepanga chumba kimoja Majengo.
Kuna ua, wa kuanikia nguo.
Juzi, wapangaji wenzangu wakiwa sokoni,
niliupima kwa hatua, nikarudia kuupima
kwa hatua fupi zaidi.

Mkia ungebaki nje.

Bei muulize karani.